Namba E haikuambii umri wa gari

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mwanangu ana miaka 24, amepata leseni mwaka huu na ameajiriwa Masasi. Sisi tupo Mikindani, na kila baada ya wiki mbili atakuwa anakuja nyumbani. Tuna milioni 12, za korosho na akiba yake. Dalali ametutumia picha za Toyota IST ya mwaka 2004, namba E, dashibodi inasoma kilomita 68,000, bei milioni 11 na laki 8. Anasema kwa namba hiyo na kilomita hizo ni kama jipya, na fundi wake ameshalikagua. Jirani naye anasema kwa hela hiyo tutafute Crown, ni gari imara. Tushike lipi?

JIBU: Mama, la jirani halitatuchukua muda. Crown nyingi zinazouzwa kwa hela hiyo zina injini ya V6 ya cc 2,500, zinanyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda na zinasukumwa na matairi ya nyuma. Mafuta yake yanakaribia mara mbili ya IST, pampu na nozeli zake hazitaki fundi wa kubahatisha, na kijana aliyepata leseni mwaka huu hahitaji nguvu zote hizo kwenye mteremko wenye mchanga au lami iliyolowa. Liacheni.

Dalali ndiye wa kujibiwa kwa kirefu, kwa sababu maneno yake ndiyo yanayouza magari mabovu kusini huku, na minada ya korosho ikifunguliwa mwezi wa kumi yanasikika kila kona.

Herufi ya namba haihusiani na mwaka gari lilipotengenezwa. Namba inatolewa na TRA siku gari linaposajiliwa nchini, na herufi zinakwenda kwa mfuatano. A zimekwisha, zikaja B, C, D na sasa E. IST ya 2004 iliyotumika Japan miaka 20, ikashushwa bandarini Dar es Salaam 2024, inapewa namba E. Pacha wake, iliyotoka kiwandani mwaka huohuo na kuingia nchini 2013, ina namba C. Umri wao ni mmoja. Tena ya namba C ikiwa imekaa na mtu mmoja anayejulikana hapo Ligula, na fundi aliyekuwa akiihudumia yupo wa kuulizwa, hiyo ndiyo ningeiendea kwanza, na bei yake itakuwa chini. Kinachowafanya watu walipe zaidi ni herufi iliyopigwa kwenye bati.

Umri wa kweli umeandikwa kwenye kadi, na kwenye gari lenyewe. Vuteni mkanda wa siti mpaka mwisho. Chini kabisa pana kilebo cha kitambaa, na kwenye magari mengi ya Japan mwaka wa kutengenezwa umechapwa hapo. Angalieni mikanda yote. Mmoja ukiwa wa mwaka tofauti na mingine, umebadilishwa, na mkanda haubadilishwi hivihivi. Mara nyingi ni kwa sababu ya ajali.

Sasa kilomita. Chukueni 68,000 mgawanye kwa miaka 20: ni 3,400 kwa mwaka. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560, kwa hiyo dalali anawaambia gari hilo kwa mwaka mzima lilikuwa linatembea sawa na kwenda Dar na kurudi mara tatu, halafu linalala. Mwanao kwa kuja nyumbani tu kila wiki mbili atatembea karibu 10,000. Inawezekana likawepo gari la namna hiyo, Japan wapo wazee wanaoendesha kwenda dukani na kurudi. Lakini muuzaji ndiye wa kuleta ushahidi. Dashibodi za magari haya ni za elektroniki, na mtu mwenye kifaa anairudisha namba nyuma kwa muda mfupi, bila kuacha alama.

Ushahidi upo sehemu ambazo hakuna anayehangaika kuzifuta. Fungueni mlango wa dereva na boneti, mtafute stika ndogo za Kijapani za kubadilisha oili. Tarehe na kilomita zinaandikwa kwa tarakimu za kawaida. Stika ikisema 112,000 mwaka 2016 na dashibodi ikisema 68,000 leo, mazungumzo yamekwisha. Tazameni mpira wa pedeli ya breki upande wa kulia, usukani pale mikono inaposhika, na ukingo wa siti ya dereva upande wa mlangoni. Halafu nendeni mlango wa nyuma kushoto. IST nyingi zimefanya teksi Dar es Salaam, na abiria wa teksi hupanda na kushuka upande huo. Mlango huo ukining'inia kidogo unapofunguliwa, mpini umepauka kuliko wa kulia na sponji ya siti ya nyuma imebonyea, hilo limebeba watu mchana na usiku, namba yake iwe yoyote.

Tena hata kilomita zikiwa za kweli, si ndizo zinazoamua. Linaloamua kwa gari la umri huu, hapa pwani, ni kutu, mfumo wa kupoza injini na gia boksi.

Hewa ya Mikindani na Shangani ina chumvi, na wapo wanaoyateremsha magari mpaka ufukweni Msimbati kisha wasiyaoshe chini. Picha ya simu haiwezi kuonyesha hilo. Nendeni na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chepesi, mwipitishe chini ya milango na kuzunguka matao ya matairi ya nyuma. Ikishika vizuri, hapo ni bati. Ikiteleza na kudondoka, hapo limepigwa puti, ule uji mzito wa kuzibia bati kabla ya rangi, na chini ya puti mara nyingi pana bati lililooza au kiraka cha kuchomelea. Rangi itang'aa miezi michache, kisha itavimba malengelenge. Inueni na kapeti ya miguuni kwa dereva mguse sakafu: ikiwa na unyevu au maganda ya kutu, msiendelee. Mtu aingie uvunguni aangalie mabomba ya breki, hayo mirija myembamba ya chuma inayokwenda nyuma, na sehemu zinaposhikia shokapu. Uvungu uliopakwa rangi nyeusi mpya wiki ya kuuza nao una neno. Kiraka cha mlango ni aibu tu, lakini bomba la breki lililoliwa na kutu linapasuka siku dereva anapokanyaga breki kwa nguvu zote, yaani siku anapoihitaji kuliko siku nyingine yoyote.

Kwenye kupoza injini ndipo mafundi wa njia ya mkato walipoharibu magari mengi zaidi. Themostati ni valvu ndogo. Inakaa imefungwa injini ikiwa ya baridi na kuanza kufunguka maji yakikaribia nyuzi joto 82. Kuna mafundi wanaoitoa kwenye kila gari wanaloshika, kwa hoja kwamba Mtwara ni joto na kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Si kweli hata kidogo. Joto la Mtwara likifika 33 bado liko mbali sana na 82, na injini imeundwa kufanya kazi ikiwa imepata moto. Ukiitoa, sensa inaendelea kuiambia kompyuta kwamba injini ni ya baridi, kompyuta inaongeza petroli, petroli ya ziada inasafisha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinalika. Zaidi ya hapo, themostati za injini nyingi za Toyota zina kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na siku gari limejaa watu likipanda kwenda Newala linachemka. Yule aliyeitoa ili lisichemke ndiye aliyelichemsha.

Kisha wanajaza maji ya kisima. Visima vya pwani vina chumvi, na hedi ya injini hizi ni ya aluminiamu. Maji hayo yanaila taratibu mpaka gasketi inakosa pa kushika. Fungueni mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya baridi kabisa, kamwe si ya moto. Mkikuta koolanti safi, nyekundu, ya pinki au ya kijani, ni dalili njema. Mkikuta maji ya rangi ya udongo, au mafuta yanaelea juu, gari hilo si lenu. Themostati mnaweza kuikagua kwa mkono: injini ikiwashwa baridi, mpira wa chini wa rejeta unatakiwa kukaa baridi dakika kadhaa, kisha upate moto kwa mara moja. Mipira yote miwili ikianza kupata uvuguvugu pamoja tangu mwanzo, themostati haipo.

Mkato mwingine ni wa oili nzito. Injini za IST, cc 1,300 na cc 1,500, zinachukua oili lita 3.7 pamoja na filta, na 5W-30 ndiyo inayozifaa. Injini ikianza kutoa moshi wa bluu au kugonga, muuzaji anamwaga 20W-50 na kopo la dawa ya moshi, na kwa siku chache panakuwa kimya. Lakini mnyororo wa taimingi unakazwa kwa presha ya oili, na VVT-i, yaani mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, inategemea njia nyembamba za oili; oili nzito inachelewa kufika asubuhi. Ndiyo maana gari linatakiwa kuwashwa baridi mbele yenu. Mlio wa kukwaruza wa sekunde mbili tatu kisha kimya, huo ni mnyororo. Liacheni lingurume bila kwenda dakika tano, kisha mtu akanyage mafuta ghafla na mwingine asimame nyuma. Likitoa wingu la bluu, kuna kazi ya kufungua injini.

Kabla ya kuwasha, zungusheni ufunguo hatua ya mwisho kabla ya starta. Taa ya injini, ya ABS (mfumo unaozuia matairi kujifunga unapokanyaga breki kwa nguvu) na ya mfuko wa hewa zote lazima ziwake; mbili za mwisho zizimike zenyewe, ya injini izimike gari likiwaka. Ya mfuko wa hewa huchukua kama sekunde sita. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, kwa sababu mtu ameing'oa balbu au ameiunganisha na taa ya oili. Kwa dereva mchanga sitakubali gari ambalo ABS au mfuko wa hewa umezimwa kwa ujanja huo.

Gia boksi ya IST ni otomatiki ya gia nne, si CVT (ile ya mkanda isiyo na gia za hatua), na ndiyo sababu mojawapo ya kuipenda. Mguu ukiwa kwenye breki, toeni N kwenda D, kisha R. Inatakiwa kushika ndani ya sekunde moja hivi, bila kupiga teke. Oili yake ichomolewe kwa kijiti na kupakwa kwenye karatasi nyeupe: nyekundu ni nzuri, kahawia inayonuka kuungua ni hasara. Na namba ya chesisi ianze na NCP60 au NCP61. NCP65 inavuta matairi yote manne, ni vifaa vya ziada vya kutengeneza bila faida kwa safari ya Masasi.

Fundi wa dalali analipwa gari likiuzwa. Mlipeni fundi wenu mwenyewe, awe hamjui dalali, na mlipeni hata akisema msinunue. Hili nalisema kwa kila mnunuzi wa Lindi na Mtwara anayetumiwa picha kutoka Dar es Salaam na kuombwa "advansi" ili gari lisichukuliwe na mwingine: msitume hata laki moja kabla fundi wenu hajaingia uvunguni. Kadi iwe halisi, si kivuli, maana kadi za magari huwekwa rehani kwa wakopeshaji; jina lake lilingane na kitambulisho cha anayeuza; namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini ilingane na kadi, bila alama ya kusagwa. Faini za barabarani zitazameni kwa namba ya gari kabla ya kulipa, na umiliki uhamishwe TRA bila kuchelewa.

Kwa bei, milioni 11 na laki 8 inawaachia laki 2, nayo haitoshi hata kuliandaa gari kwa safari ya kwanza. Tafuteni la milioni 9 na nusu, na 2 na nusu zilizobaki ziwe za bima, kuhamisha umiliki, oili ya injini na ya gia boksi, koolanti na themostati mpya, plagi, pedi za breki na matairi. Matairi yasomeni ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka, yaani 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Hilo libadilishwe, hata kama kashata zake, yaani meno yake, bado ndefu.

Mkiamua kwenda kuliona hilo la dalali, mwambieni mtafika saa 12 na nusu asubuhi na lisiwashwe kabla hamjafika. Kitu cha kwanza, wekeni kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, rudini nyumbani, mwende kesho yake.