Nebula kutoka uani mjini: jibu kwa mwenzetu wa Kisumu

Mwenzetu anayeishi Mamboleo ameuliza mambo matatu: kama mtu anaweza kupiga picha za nebula (mawingu ya gesi na vumbi yaliyo katikati ya nyota) akiwa ndani ya ploti iliyo ng'ambo ya taa ya mulika mwizi, kama anunue kamera ya rangi au ile isiyo na rangi pamoja na seti ya filta tatu, na kwa nini mtambo wake wa kufuatilia nyota unamsumbua ilhali video zote alizotazama zinaonyesha kazi ya dakika kumi. Mimi hupiga picha zangu Milimani, Nakuru, na nitajibu kwa yale niliyoyapitia mwenyewe. Swali la tatu nitalipa nafasi kubwa zaidi, kwa sababu ndilo linalowavunja moyo wengi wa kwetu.

Kuhusu taa, ondoa shaka. Nebula zinazong'aa hazitoi mwanga wa rangi zote. Mionzi ya urujuanimno kutoka kwa nyota zenye joto kali huifanya gesi iliyo jirani nazo iwake katika mistari michache tu, yaani rangi chache mahususi: hidrojeni kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, oksijeni kwenye 500.7, na salfa karibu na 672. Taa ya LED, kwa upande wake, hutapanya mwanga katika wigo mzima tunaouona, ambao ni takribani nanomita 300 kwa upana. Filta inayopitisha nanomita 7 pekee hukata mwanga huo wa mji kwa takribani mara arobaini, huku mstari wa hidrojeni ukipita karibu wote. Zile filta za zamani za kupunguza mwanga wa mji zilitengenezwa kwa ajili ya taa za sodiamu zenye rangi ya manjano, na kadiri taa hizo zinavyong'olewa ndivyo filta hizo zinavyokosa kazi. Usinunue ya mtumba hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

Ila filta haiongezi mwanga hata chembe, inazuia tu. Ndiyo maana lazima uache shata wazi kwa dakika tatu hadi tano kwa kila fremu, kisha ukusanye fremu za saa kadhaa na kuziunganisha kwa programu ili chengachenga zipungue. Vilevile haisaidii kila kitu cha angani. Ukungu wa buluu unaozizunguka nyota za Kilimia ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota, na galaksi ya Andromeda ni mkusanyiko wa nyota zenye mwanga wa rangi zote; hivyo ukiviwekea filta hii utavizima pamoja na taa ya jirani. Kwa vitu hivyo viwili, subiri siku utakayosafiri hadi mahali penye giza.

Sasa mtambo. Video unazotazama zimerekodiwa Ulaya na Marekani, ambako Nyota ya Kaskazini inaonekana juu angani, na mtu huielekezea mhimili wa mtambo akamaliza. Kisumu iko takribani digrii 0.1 kusini mwa ikweta, na Nakuru takribani 0.3. Maana yake ni kwamba ncha ya anga ya kaskazini, ile nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, imezama kidogo chini ya upeo wa macho, na ile ya kusini imechungulia juu yake kwa kiasi kisichomfaa mtu yeyote. Kwangu upande wa kaskazini kuna kuta za Menengai, kwa hiyo sijawahi hata kujaribu kuitafuta nyota hiyo. Mhimili wa mtambo wetu hulala karibu sambamba na ardhi, na hapo ndipo taabu huanza: mitambo mingi haikuundwa kushushwa hadi digrii sifuri, na hata ile inayokubali, chuma cha uzani wa kusawazisha huweza kugonga mguu wa stendi kinapozunguka. Kabla hujalipa, muulize muuzaji mtambo unashuka hadi digrii ngapi, na usikubali jibu la "inafanya kazi popote".

Kinachotusaidia ni programu inayotambua nyota kwenye picha. Laza mhimili, uelekeze kaskazini kwa dira (tofauti ya dira na kaskazini halisi kwetu ni ndogo), halafu iruhusu programu ipige picha tatu huku mtambo ukizunguka hatua kwa hatua. Kutokana na picha hizo itakokotoa mhimili umepotoka kiasi gani na kukuonyesha skrubu ya kukaza, bila kuiona ncha yoyote. Programu ya bure ya N.I.N.A. ina nyongeza ya kazi hii. Geuza mguu mmoja wa stendi uelekee kaskazini au kusini kulingana na mahali uzani unapopita, kisha uzungushe mtambo wote kwa mkono, polepole, mchana kweupe, ukitazama mkia wa darubini penye kamera. Vitu vyetu vingi vizuri hupita juu ya utosi, na darubini inapotazama juu kabisa, mkia huo hushuka hadi karibu na miguu ya stendi.

Tukivuka hapo, anga yetu ni ya kuonewa wivu. Nebula ya Orioni na ile ya Rosette hupita karibu na utosi katika miezi ya Desemba hadi Februari, na Januari na Februari kwa kawaida ndiyo miezi yetu mikavu. Nebula ya Carina, ambayo watu wa Ulaya hawaioni kamwe, hufika takribani digrii 30 juu ya upeo wa kusini, ingawa wakati wake mzuri wa jioni huangukia kwenye masika.

Kuhusu kamera, wengi watakwambia kwamba isiyo na rangi ni bora, na kwa hesabu ya mwanga wana haki: katika kamera ya rangi ni robo tu ya pikseli, zile nyekundu, zinazonasa hidrojeni sawasawa. Hata hivyo, hali ya hewa ya kando ya ziwa haimpi mtu usiku mzima. Ukiwa na filta tatu, unaweza kupata hidrojeni leo, mawingu yakafunga, na oksijeni ukaisubiri hadi nebula yenyewe imeshazama magharibi. Filta ya mistari miwili kwenye kamera ya rangi hunasa zote kwa wakati mmoja, hidrojeni kwenye pikseli nyekundu na oksijeni kwenye za kijani na buluu, kwa hiyo hata dakika arobaini za mwanya wa mawingu zina faida. Salfa iache kwanza. Inahitajika ukitaka rangi kama za picha maarufu ya nguzo za nebula ya Eagle iliyopigwa na darubini ya angani ya Hubble mwaka 1995, ambamo salfa ilipewa nyekundu, hidrojeni kijani na oksijeni buluu. Mwezi ukiwa mpevu, jua kwamba oksijeni ndiyo inayoumia zaidi.

Fokasi irekebishwe filta ikiwa tayari imewekwa. Kata kifuniko cha Bahtinov, chenye mianya ya kusaidia kufokasi, kutoka kwenye katoni ngumu, kivike darubini na uelekeze kwenye nyota angavu kama Sirius: utaona miale mitatu, na ule wa kati ukikaa katikati kabisa ya mingine miwili, umefika. Kwako Kisumu nunua pia mkanda wa kupasha lenzi joto, maana umande wa ziwani hufunika kioo bila wewe kujua, na ufunike skrini ya kompyuta kwa kitambaa, la sivyo wadudu wa ziwani watakuhamia. Betri ya volti 12 ni ya lazima, kwa kuwa stima ikipotea fremu iliyokuwa ikipigwa inaharibika. Mlinzi wa ploti pia umweleze mapema. Bomba linaloelekezwa juu usiku wa manane humtia mtu wasiwasi.

Ukinitajia jina la mtambo wako na uzito wa darubini, nitakwambia kama miguu yake inafaa kwa digrii sifuri au utahitaji nguzo ya kuinulia.