Jibu: Kipindi cha michezo shuleni kinamtosha mtoto wa la nne?

Dada, umeuliza kama kipindi kimoja cha michezo kwa wiki kinamtosha mwanao wa la nne, mi nakwambia hakitoshi kabisa. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anatakiwa wastani wa dakika 60 kila siku za kumtoa jasho, na angalau siku 3 kwa wiki ziwemo za kukaza misuli na mifupa, kuruka, kukimbia, vitu kama hivyo. Sasa hicho kipindi toa muda wa kubadili nguo, toa kupanga mstari, halafu mpira mmoja darasa zima, mafundi wanacheza wengine wamekaa chini ya mwembe wanapiga stori. Na mtihani ukikaribia ticha wa hesabu anakibeba, mzazi hata huambiwi. UMITASHUMTA nayo, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, ni ya wenye vipaji tu. Usidhani ni shule za serikali peke yake, hizi ingilishi midiamu zingine uwanja ndo paking ya basi la shule, mtoto anachukuliwa getini anarudishwa getini, afadhali hata anayetembea kwa mguu na kuruka kamba mapumziko. Jioni muulize alicheza nini na nani, ukimuuliza tu kama alicheza atakwambia ndiyo yaishe.