Umri wa kisukuku haumo ndani ya mfupa

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Karatu. Baada ya masika wanafunzi wangu waliokota korongoni mfupa mweusi, mzito kama jiwe, pamoja na meno matatu makubwa. Amekuja mtu na kifaa anachosema kinapima kaboni. Anataka shilingi 50,000 kwa kila kipande ili atuambie umri wake, na kikizidi miaka milioni moja atatutafutia mnunuzi. Mfupa umeganda udongo mgumu na tumeanza kuusugua kwa siki. Je, kipimo chake kinaaminika? Na kwa kuwa jino moja linafanana na la kiboko, tunaweza kuwaambia wanafunzi kwamba huku kwetu palikuwa na ziwa?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Kwanza, siki muiache leo hii. Siki ni tindikali, na madini ya mfupa huliwa na tindikali. Maabara nazo hutumia tindikali kwa miamba ya aina fulani, lakini mfupa hupakwa kinga kwanza na mtu hukaa nao akiuangalia. Halafu huo udongo mgumu mnaouona uchafu ndio kitu pekee kilichobaki cha kutuonyesha mfupa umetoka tabaka gani. Mkiumaliza wote, mmefuta anwani.

Mtu wa kifaa mwacheni aende zake. Kaboni 14, aina ya kaboni ambayo huisha polepole katika mabaki ya kiumbe aliyekufa, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730, na ikifika miaka 50,000 hivi inakuwa imebaki kidogo mno kupimika. Anayedai kusoma miaka milioni kwa kaboni amejianika mwenyewe, hana haja ya kuanikwa na mimi. Tena kaboni inayofaa kupimwa imo kwenye protini ya mfupa, ambayo kwa joto la huku kwetu huoza na kupotea mapema, na kuipima kunahitaji sampuli isafishwe, igeuzwe gesi na ipitishwe kwenye mtambo mkubwa wa maabara. Hakuna kifaa cha mkononi kinachofanya kazi hiyo.

Lakini tapeli huyo anapata wateja kwa sababu ya imani moja ninayokutana nayo kila msimu wa mvua, hata kwa watu waliosoma: kwamba umri umo ndani ya mfupa, na kinachotakiwa ni mashine ya kuutoa. Basi watu huupima mfupa kwa uzito, kwa rangi, kwa ugumu. Weusi huletwa na madini kama manganizi na chuma yaliyo kwenye udongo na maji. Uzito huletwa na madini yaliyojaza vitundu vya mfupa. Yote mawili hutegemea mahali ulipozikwa, na mfupa mweusi unaweza kuwa mdogo kwa miaka mingi kuliko mfupa mweupe wa kilima cha pili.

Sisi mara nyingi hatupimi mfupa kabisa. Tunapima majivu ya volkano yaliyo juu yake na chini yake. Jiwe la volkano likiwa bado limeyeyuka, gesi ya argoni hutoka. Likipoa, potasiamu iliyomo ndani ya chembe zake huanza kugeuka argoni polepole, kwa mwendo unaojulikana, na gesi hiyo hunaswa humo; kiasi chake ndicho kinachotupa umri. Mtafiti Mary Leakey aliliona fuvu la Zinj, jamaa wa kale wa binadamu, pale Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Umri wa miaka milioni 1.75 uliotangazwa mwaka 1961 ulitokana na miamba ya volkano ya tabaka lile, fuvu lenyewe halikuguswa. Kama mtu angeliokota na kulipeleka nyumbani bila kuandika lilipokuwa, hadi leo tungekuwa tunabahatisha.

Hata majivu hudanganya mtu akiwa na haraka. Mwaka 1972, Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu la jamaa mwingine wa kale wa binadamu, linaloitwa 1470 kwa namba yake ya makumbusho, chini ya tabaka la majivu lililokuwa limepimwa na kupewa miaka milioni 2.6. Tatizo lilikuwa nguruwe. Meno ya nguruwe wa kale wa matabaka yale yalifanana na ya bonde la Omo, Ethiopia, ambayo yalijulikana kuwa ya miaka milioni 2 hivi. Wataalamu walibishana kwa miaka, vipimo vikarudiwa, na majivu yakathibitika kuwa ya miaka milioni 1.88 hivi, sampuli za kwanza zilichanganyika na chembe za miamba ya zamani zaidi. Nguruwe walishinda, Mwalimu, na waliweza kushinda kwa sababu meno yao yalikuwa na rekodi ya tabaka yalimotoka. Meno yaleyale yakiwa kwenye kikapu cha mfanyabiashara yasingethibitisha lolote.

Sasa kiboko wenu. Jino moja halileti ziwa. Kiboko anaishi mtoni na kwenye madimbwi pia, usiku hutoka kwenda kula majani mbali na maji, na jino ni gumu kiasi cha kubebwa na mafuriko hadi mahali ambapo mwenyewe hakuwahi kukanyaga. Tazameni kingo zake: zikiwa zimelainika na kuwa mviringo, limesafiri. Mfupa nao mwuangalie kwa makini. Nyufa zinazofuata urefu wake na maganda yanayobanduka huonyesha ulikaa juani kabla ya kufukiwa. Mtafiti Kay Behrensmeyer alianza kufuatilia mizoga ya Amboseli mwaka 1975 na akatupatia ngazi ya kupimia uchakavu huo, kuanzia 0 hadi 5. Mifereji mipana iliyolala sambamba ni meno ya nungunungu.

Mazingira ya kale husomwa kwa wingi. Nyumbu na kongoni wakizidi, tunafikiria mbuga ya wazi. Kuro na tohe wakizidi, maji na majani marefu yako karibu. Kisha tunachekecha udongo kutafuta meno ya panya, mifupa ya samaki na makombe ya konokono. Mwisho enameli, yaani ganda gumu la nje la jino: tunakwaruza unga wa miligramu chache tu ubavuni mwa jino, kwa sababu nyasi za nchi za joto huacha humo uwiano wa aina za kaboni ulio tofauti na ule wa majani ya miti. Zinj, mwenye magego makubwa yaliyofanya watu waamini alikuwa akipasua kokwa, enameli ya jamaa zake ilionyesha mwaka 2011 kwamba walikula zaidi nyasi au mimea ya jamii ya ndago.

Kwa hiyo rudini korongoni na wanafunzi walewale wakuonyeshe mahali penyewe. Msichimbe. Pigeni picha ya karibu na ya mbali, wekeni kalamu kando ili ukubwa uonekane, chukueni vipimo vya GPS kwa simu, andikeni tarehe, kisha mtoe taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa. Gundi na vanishi msipake.

Linalonitia hofu zaidi ni mnunuzi. Akishaanza kulipa kwa kipande, watoto wataingia korongoni na majembe. Meno yatang'olewa kwa sababu yanauzika, na taya litavunjwa litupwe. Mwaka 1984 pale Nariokotome, Kenya, mtafuta visukuku Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya changarawe nyeusi. Kwa kuwa kilikuwa bado mahali pake, udongo wa pale ulichimbwa na kuchekechwa kwa misimu kadhaa, ukatoa karibu mifupa yote ya kijana aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Mnunuzi angekitia mfukoni kile kipande na habari ingeishia hapo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kuchimba wala kusafirisha vitu hivi nje ya nchi bila kibali, na Kenya wana ya kwao ya mwaka 2006. Huyo bwana akirudi, mwombeni kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na leseni ya uchimbaji ya Mambo ya Kale. Akianza kuzungusha maneno, mpigieni afisa utamaduni wa wilaya akiwa bado yuko hapohapo shuleni.