Kasha Huangaliwa Mgongo

Ndugu mhariri,

Wiki hii mmeuliza: vitu vizuri vya zamani hupatikana wapi, na mnunuzi atajuaje kwamba hajauziwa kipya kilichozeeshwa? Mimi nakaa Lamu, mtaa wa Langoni, na makasha ya kale, yale masanduku makubwa ya mbao, nayapenda sana.

Huku hakuna kutandaza vitu vya kuuza mbele ya gereji, vichochoro vyetu hata gari havipiti. Vyombo hutoka nyumba inapogawanywa mirathi, au familia ikihamia Mombasa. Habari utaipata kwa kina mama kabla dalali hajaisikia. Ukifika piga hodi, kaa, kunywa kahawa, ndipo uulize: warithi wote wameridhia? Niliwahi kuacha sinia la shaba la kupendeza kwa kuwa dada mmoja hakuwa ameambiwa, na ningeliacha tena.

Sasa kasha. Muuzaji atakuonyesha uso wake, ile misumari ya shaba iliyopangwa kwa nakshi. Wewe ligeuze. Ubao wa nyuma na wa chini haukuwa wa kuonyeshwa wageni, kwa hiyo wanaozeesha vitu huusahau: uso mweusi, mgongo bado mweupe. Vichwa vya misumari iliyofuliwa kwa mkono havilingani, kimoja kipana, cha pili kimekaa upande. Inua kifuniko upitishe kidole ukingoni. Palipofunguliwa na kufungwa na vizazi pamelainika, hapakwaruzi. Kisha ingiza kichwa unuse. Kasha lililotunza nguo zilizofukizwa udi hubaki na harufu yake, ilhali rangi mpya hunuka dawa. Ndani, pembeni, mengi yana kisanduku kidogo chenye kifuniko chake. Kikiwa kimeng'olewa, bei ishuke.

Shaba usiikimbilie kwa ndimu na majivu siku hiyo hiyo. Ukisugua sana, nakshi inaondoka na uchafu.

Chochote chenye pembe ya ndovu mimi sikigusi, hata wakisema ni cha babu. Kuwa nayo bila kibali ni kosa. Na milango, jamani! Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inailinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1946. Kifaa kilichotengenezwa kabla ya 1895 nacho hakitoki nchini bila kibali. Lakini hata sheria isingekuwepo, roho huniuma nikiona nyumba ya mtaa wetu wa pili, Mkomani, imetiwa mlango wa mbao za juzi, wa asili umeshauzwa. Mji wetu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 kwa nyumba hizi, na milango yake, na vidaka vyake vya ukutani vya kuwekea vyombo. Kasha lilitengenezwa kuhama na bibi harusi. Mlango ulitengenezwa kubaki.

Kwa hiyo ukiuziwa mlango, uliza umetoka nyumba gani na ni nani aliyeung'oa. Na kwa kitu chochote kinachokutia shaka, kipige picha uwaonyeshe watu wa Makumbusho ya Lamu, pale pwani, kabla hujatoa pesa.

Msomaji wenu, Langoni, Lamu