Ruger SR22 baada ya miaka mitatu: jibu kwa aliyeuliza kuhusu bastola ndogo ya .22

Mdogo wangu uliyeuliza, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema umepata grini kadi mwaka huu, uko Texas kama mimi, unataka bastola ndogo ya .22, yaani ya risasi nyembamba za inchi 0.22 hivi, ya kwenda kulengea shabaha Jumamosi wewe na mkeo, na umekwama kati ya Ruger SR22, Smith & Wesson M&P 22 Compact na Walther P22. Naona wengi wamekujibu ongeza hela uchukue 9mm, yenye risasi nene na kali zaidi, kwa sababu .22 ni ya watoto. Mimi nakuambia kinyume kabisa, na nitaandika kirefu maana mimi nilianza na hiyo 9mm wanayokusifia na kidogo tu iniachishe mchezo wote.

Mume wangu ndiye aliyeniingiza huku. Alininunulia 9mm ndogo nyembamba, ile ya kufichika, akaona mikono yangu midogo basi bastola ndogo itanifaa, kumbe bastola ikiwa nyepesi ndio teke lake, ule msukumo wa kurudi mkononi, linazidi. Siku ya kwanza ndani ya renji, yaani uwanja wa kulengea shabaha, ile ya kufungiwa yenye kuta za zege, ule mlio ulinipiga kifuani hata na vifunika masikio nimevaa, na kuanzia risasi ya tatu nikawa nafumba macho kabla sijavuta triga, kile kifyatulio cha kidole. Risasi zote zinaangukia chini kushoto mwa karatasi. Nikaenda tena wiki iliyofuata, chini kushoto. Mwezi mzima hivyo hivyo, nikaanza kutafuta visingizio vya kutokwenda, leo nimechoka na zamu ya ghalani, leo mtoto ana homework, yaani ilifika mahali nikisikia Jumamosi inakuja moyo unakuwa mzito.

Kuna mzee mmoja msimamizi pale renji, mstaafu wa jeshi, akaniangalia akasema lete magazini yako, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Akajaza risasi kama kawaida ila katikati akachomeka moja feki ya plastiki bila kuniambia iko ya ngapi. Nikapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu nikavuta triga pakalia "tik" tu, hakuna mlio, hakuna moto, lakini mdomo wa bastola ulizama chini karibu upana wa kiganja. Peke yake! Mkono wangu wenyewe ulikuwa unaisukuma bastola chini kuusubiri mlipuko. Sitasahau. Mzee hakunicheka, akaniambia mwanangu macho yako hayana shida, mwili wako ndio umejifunza kuogopa, na huwezi kuufundisha uache kuogopa kwa kuendelea kuutisha. Akaenda kaunta akarudi na Ruger SR22 ya kukodisha. Magazini tatu baadaye risasi zilikuwa zimekaa katikati ya karatasi, nikasimama naangalia ile karatasi kama ni ya mtu mwingine.

Sasa kwa nini inakuwa hivyo. Risasi ya .22 Long Rifle ni ya zamani, ipo tangu 1887, na kichwa chake cha kawaida, kile kipande kinachoruka, kina uzito wa kama gramu 2.6 wakati cha 9mm ya kawaida ni gramu 7.5 hivi, na baruti yake ni kidogo sana. Kwa hiyo mkono unasukumwa kidogo tu, sauti inavumilika, unaweza kupiga 150 kwa siku moja bila bega wala mishipa ya kichwa kuuma, na hela yake mimi juzi nimenunua boksi ikanitokea kama senti 8 kwa risasi moja, 9mm pale pale dukani ilikuwa zaidi ya mara mbili na nusu. Anayesema ya watoto mwambie mashindano ya bastola mita 25 ya wanawake kwenye Olimpiki yanapigwa kwa .22.

Nilinunua SR22 yangu wiki iliyofuata, dola mia nne kasoro, na hii ni mwaka wa tatu. Ninachoipendea: ina uzito wa kama nusu kilo tu, mtutu wa inchi 3.5, magazini mbili za risasi kumi kumi ndani ya boksi, na mpira wa mpini unavuliwa unawekwa mwembamba au mnene kulingana na mkono, mimi nimeweka mwembamba mume wangu akitaka kupiga anabadilisha. Slaidi yake, ile sehemu ya juu unayoivuta nyuma kuingiza risasi, ni ya alumini na springi ni laini, mimi mikono yangu imechoka na kubeba maboksi ghalani miaka sita lakini naivuta bila kuhangaika, mama mkwe alipokuja kututembelea ana baridi yabisi ya vidole na yeye aliweza kuivuta mwenyewe, alifurahi mpaka akapiga picha na ile karatasi. Kama mkeo mikono yake si ya nguvu hili ni jambo kubwa kuliko mambo ya usahihi wanayobishania watu.

Kitu cha kuzoea ni triga. SR22 ina nyundo ya nje, ile inayogonga pini ya kuwasha risasi; risasi ya kwanza kama nyundo iko chini unavuta mvuto mrefu na mzito, zinazofuata nyundo imeshajikunja yenyewe zinakuwa nyepesi fupi. Watu wengi wanakunja nyundo kwa kidole kabla ya kuanza na kwa shabaha za kujifurahisha ni sawa, ila mimi nakushauri ule mvuto mzito uufanyie mazoezi kwa makusudi, ndio unakufundisha kuvuta triga polepole bila kuitikisa bastola. Walther P22 nayo iko kwa mfumo huo huo, nimepiga ya kukodi mara kadhaa, inakaa vizuri sana kwa mkono mdogo. M&P 22 Compact nyundo yake imefichwa ndani na mvuto ni ule ule mwanzo mpaka mwisho, ina sefti (kizuizi cha usalama) ya kidole gumba pande zote mbili, na kama ndani tayari una M&P ya 9mm basi hiyo ndio ichukue bila kufikiri mara mbili, maana kila kitu kiko pale pale ulipozoea. Kiukweli kati ya hizo tatu hakuna utakayoijutia. Kitakachokukera ni risasi, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Risasi za .22 ni rimfaya, maana yake fataki yake, ile dawa inayowasha baruti, haikai katikati ya kitako cha ganda kama ya 9mm, imepakwa ndani ya ukingo unaozunguka kitako, pini inagonga ukingo unawaka. Ni rahisi kutengeneza ndio maana bei iko chini, lakini ile dawa isipoenea vizuri ukingoni kote pini inaweza kugonga sehemu kavu na risasi isilie. Halafu hizi bastola ndogo zinajiendesha kwa teke la risasi yenyewe kusukuma slaidi nyuma, risasi ikiwa dhaifu slaidi inarudi nusu na ganda linabanwa kwenye dirisha la kutokea maganda limesimama wima kama bomba la moshi. Nilipoanza nilinunua lile boksi kubwa la bei chee, risasi 300 na kitu, za chapa ambayo sitaitaja, na siku hiyo nilikwama mara kumi na moja, nilihesabu kwa hasira. Nikasema bastola mbovu naenda kuirudisha. Yule mzee akanipa kiboksi kimoja cha CCI Mini-Mag, zile za kichwa cha gramu 2.6 kilichopakwa shaba, nikapiga zote 100 haikukwama hata moja. Bastola ile ile, mkono ule ule, saa ile ile.

Kwa hiyo ukishapata bastola usikimbilie boksi kubwa. Nunua viboksi vidogo vya aina nne tano, piga 50 za kila aina, andika kwenye simu ipi imekwama mara ngapi na ipi inakaa karibu karibu kwenye karatasi, kisha ile iliyopendwa na bastola yako ndio ununue kwa wingi. Yako na yangu hata zikiwa modeli moja zinaweza kupenda risasi tofauti. Mini-Mag ziweke kwenye orodha kwa vyovyote, na zile za mwendo wa taratibu kabisa zipige mwishoni maana ndizo hupenda kushindwa kusukuma slaidi.

Na ujazaji wa magazini, hili hakuna aliyekuambia. Pembeni kuna kitufe cha kushushia springi, raha yake ni kukivuta mpaka chini na kumimina risasi kama karanga, usifanye hivyo. Zinalala vibaya, ukingo wa moja unaingia nyuma ya ukingo wa nyingine na ya juu inainamisha pua badala ya kuinua. Shusha kitufe kidogo tu, nafasi ya risasi moja, iteleze iingie nyuma kabisa, shusha tena. Nikimaliza nagonga mgongo wa magazini kwenye kiganja mara moja. Tangu nimeanza hivyo hata risasi za bei ya kati zinaenda vizuri.

Risasi ikigoma kulia, bastola usiiangalie mdomoni wala usiigeuze, iache imeelekea kwenye shabaha uhesabu taratibu hadi 30, ndipo uitoe hiyo risasi. Na ukisikia mlio umekuwa mdogo wa ajabu, "puf" badala ya "pa", simama hapo hapo, toa magazini, kagua mtutu kabla ya kupiga nyingine maana kichwa kinaweza kuwa kimenasa ndani. Kuifyatua kavu bila risasi kwa mazoea usifanye kwa .22 yoyote mpaka kitabu chake kimeruhusu, pini inaweza kugonga ukingo wa chemba, lile tundu risasi inapokaa.

Usafi: .22 ni chafu. Nta na masizi yake yanaganda kwenye slaidi kama masizi ya sufuria ya kuni. Mimi kila nikirudi nafungua, haihitaji kifaa chochote, nafuta kwa kitambaa, mswaki wa zamani pale ganda linaposhikwa, tone la mafuta kwenye reli basi. Na mikono, tafadhali, fataki zina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, na vumbi lake linabaki kwenye vidole na nguo. Nawa kwa maji baridi na sabuni kabla hujashika simu au chakula, na zile nguo usimkumbatie nazo mtoto. Mimi na mume wangu tunabadilisha mashati garini kabisa.

Sheria, kwa kuwa umesema shemeji yako aliyekuja kwa viza ya masomo mnataka kumchukua naye. Wewe mwenye grini kadi unaruhusiwa kununua, dukani kwa bastola umri ni kuanzia miaka 21, utajaza Fomu 4473, ile ya serikali ya shirikisho ya kununulia silaha, kuna sehemu ya namba yako ya uhamiaji, wanakukagua kwenye mfumo wa serikali. Lakini shemeji kwa viza ya masomo sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza kushika bunduki au hata risasi, ya kukodi renji nayo imo humo, msamaha ni wachache kama wenye leseni halali ya uwindaji. Usimpe "apige moja tu". Ni kesi ya kumharibia makaratasi yote, na wewe uliyempa pia. Aulize kwanza mwanasheria wa uhamiaji, siku hiyo akae nyumbani na watoto. Na kamwe usijaze ile fomu kununulia mtu mwingine anayekupa hela.

Ndani ya nyumba nunua kisanduku cha kufuli siku ile ile unayonunua bastola. Texas kuiacha silaha yenye risasi mahali mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia ni kosa, na hata kama isingekuwa kosa, mimi nina watatu na wa mwisho anapanda mpaka juu ya friji. Bastola kwenye kisanduku, risasi kwenye kingine, funguo ninazo mimi. Lile begi la renji nalo lisiwe begi la safari, kagua mifuko yake yote, risasi moja iliyosahaulika ukaonekana nayo uwanja wa ndege ukienda Dar au Nairobi ni balaa.

Mume wangu siku hizi ananiachia 9mm yake nipige magazini moja mwishoni, nikishapasha mkono kwa .22 mia. Yadi 10, kumi zote ndani ya duara la kisahani cha chai, macho wazi.

Kabla hujalipa mpeleke mkeo renji inayokodisha, apige yeye kwanza hizo tatu, magazini mbili mbili, wewe simama nyuma usimwelekeze kitu isipokuwa usalama. Atakayoirudia kuichukua mezani bila kuulizwa ndio hiyo mnunue. Ukikwama na risasi niandikie aina na ilikwamaje, kama ganda lilisimama wima au halikutoka kabisa, nitakujibu.