Fundi Anajibu: Gari Linachemsha Foleni ya Feri, Betri Mbili kwa Mwaka, na Mengineyo

Barua za mwezi huu zina kilio kimoja. Gari limebadilishwa spea hii, likabadilishwa na ile, pesa zimekwenda na ugonjwa ungali pale pale. Tumechagua tano. Mtaona kwamba karibu kila jibu linaanza kwa kupima, kwa sababu spea iliyonunuliwa kwa kubahatisha hairudishwi dukani.

Assalaam aleikum fundi. Nina Vitz ya 2008. Barabarani halina neno, lakini nikikaa foleni ya feri Likoni nusu saa linachemsha na maji kumwagika kutoka kichupa cha akiba. Makanika wa kwanza alitoa themostati akaitupa. Wa pili akanibadilishia rejeta. Sasa natembea na madebe mawili ya maji ya kisima kwenye buti. Nimechoka. — Msomaji, Likoni

Waaleikum salaam. Jibu limo ndani ya barua yako. Gari linalochemsha likisimama na kupoa likitembea halina upepo, na kazi ya kuleta upepo wakati gari limesimama ni ya feni. Lingekuwa linachemsha ukiwa mwendo wa 80, tungeanza na rejeta iliyoziba au wota pampu. Kwa hiyo rejeta haikuwa na haja ya kubadilishwa kabla ya mtu kuigusa feni.

Fanya hivi asubuhi, injini ikiwa baridi. Washa gari, washa na eesii (kiyoyozi). Feni inapaswa kuzunguka mara moja au baada ya sekunde chache. Chukua ukurasa mmoja wa gazeti, uweke mbele ya grili. Feni nzima hulivuta gazeti likaganda pale bila kushikwa. Likipeperuka mbele, feni inazunguka kinyume: kuna aliyeiunga nyaya ikapokea umeme upande usio wake, na sasa inapigana na upepo badala ya kuuvuta. Likilegea na kuanguka, mota imechoka.

Isipozunguka kabisa, angalia fyuzi yake kwanza, kisha rilei (kile kiswichi cha umeme kwenye sanduku la fyuzi). Rilei ya feni ikiwa sawa na ya honi (linganisha namba zilizoandikwa juu), zibadilishane mahali. Feni ikifufuka, umepata mgonjwa wako kwa bei ndogo. Bado? Chomoa soketi ya mota, uipelekee umeme wa betri moja kwa moja kwa nyaya mbili, ule wa chanya uwe na fyuzi njiani, na vidole vikae mbali. Ikizunguka, mota ni nzima na kosa liko kwenye waya au sensa ya joto. Isipozunguka, kaboni zake ndani zimekwisha. Kuna feni inayozunguka ukiigonga kwa mpini wa bisibisi, kisha kesho ikakataa tena. Hiyo usiibembeleze, ibadilishe, maana itakukatia huko huko kwenye foleni.

Sasa kifuniko cha rejeta. Watu wanakidharau sana. Juu yake pameandikwa 0.9 au 1.1, nayo ni presha. Maji yaliyofungiwa kwa presha ya 1.1 hayachemki mpaka yakaribie digrii 120, na mpira wa kifuniko ukikauka yanachemka kwenye 100 kama ya sufuria. Nunua kipya chenye namba ile ile. Usikifungue kamwe injini ikiwa moto. Maji yanaruka usoni kabla hujatoa mkono.

Themostati, ile vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta, irudishwe. Tunajua mafundi wengi wa hapa wanaamini kwamba Mombasa ni joto kwa hiyo haihitajiki, na hapo tunapingana nao kabisa. Katika injini nyingi, themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Na asubuhi injini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta inaongeza petroli, na oili haipati joto la kukausha unyevu. Kwa vile Vitz yako haina geji ya joto, tazama taa ya buluu. Inatakiwa kuzimika dakika chache baada ya kuwasha. Isipozimika mpaka umefika kazini, basi themostati haipo au imekwama wazi.

Kabla ya kufunga mpya, ijaribu jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, iwe imening'inizwa kwa uzi bila kugusa chini. Ile iliyoandikwa 82 inaanza kufunguka karibu na digrii hizo, na ikifika 95 iwe wazi kabisa. Ukiifunga, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu, ndicho kinachotoa hewa.

La mwisho ni hayo maji ya kisima. Maji ya visima vya kisiwani na kando ya bahari yana chumvi na chokaa. Chumvi inakula alumini ya hedi (kichwa cha injini) na wota pampu, chokaa inaganda ndani ya mirija ya rejeta kama unavyoiona ikiganda ndani ya birika. Mwaga yote, suuza mara mbili tatu kwa maji safi mpaka yatoke meupe, kisha jaza kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya betri (yale yaliyotoneshwa). Gari dogo kama hilo halizidi sana lita tano. Acha kifuniko wazi, hita iwe kwenye joto la juu, injini iungurume taratibu mpaka hozi ya juu ipate moto na mapovu yaishe, ukiongeza kidogo kidogo.

Mapovu yakiendelea bila kukoma, au ukiona oili imekuwa kama uji wa maziwa chini ya kifuniko chake, gaskiti ya hedi imeungua. Hapo simama, usiendeshe tena.

Bwana fundi, Probox yangu nabebea mboga kutoka Kongowea alfajiri. Siku tatu linawaka, ya nne linasema tik tik tik. Nimenunua betri mbili mwaka huu na stata moja. Kila fundi ana neno lake. — Mfanyabiashara, Mtwapa

Ndugu yetu, kabla ya betri ya tatu nunua multimita. Ya bei ya chini kabisa inatosha kwa kazi hii.

Gari likiwa limelala usiku kucha, pima betri: volti 12.6 ni iliyojaa, 12.4 imepungua, 12.0 ni karibu tupu. Mtu apige stata wewe ukitazama: isishuke chini ya 9.6. Gari likiwaka, pima tena: iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, alternata haichaji, na hata ukinunua betri kumi zitakufa zote.

Namba zote zikiwa nzuri na gari bado linasema tik tik, hapo ndipo tunapoushuku waya wa athi, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na injini, na pwani hii waya huo ni mwizi mkubwa. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri, si kwenye kibanio. Ncha nyekundu iguse chuma kitupu cha injini. Piga stata. Mita ikionyesha zaidi ya volti 0.3, umeme unapotelea njiani. Rudia kwa upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi bolti kubwa ya stata. Huko hata 0.5 ni nyingi.

Kisha ukunje ule waya wa athi kwa vidole pale unapoingia kwenye kishikio chake. Ukisikia ukikwaruza ndani kama mchanga, chana mpira wake kidogo. Mara nyingi utakuta shaba imegeuka unga wa kijani, nyuzi tatu nne tu ndizo zilizobaki nyekundu. Nje waya ni mzima, mweusi na safi. Hewa ya chumvi imeingia kwa ncha na kuula kwa ndani. Nyuzi hizo zinatosha kuwasha taa na redio, ndiyo maana kila mtu anakuambia umeme upo, lakini stata inataka ampia zaidi ya mia moja kwa mpigo na hazipiti hapo. Waya mpya mnene, ncha zake zibanwe kwa koleo la kubania, chuma cha bodi kikwanguliwe mpaka king'ae, kifungwe, kisha kipakwe grisi juu.

Unga mweupe kwenye nguzo za betri uoshe kwa kijiko cha magadi kwenye kikombe cha maji moto, bila kuruhusu maji hayo kuingia ndani ya betri. Unapofungua, anza na hasi, na unapofunga, hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, itachomelea hapo hapo.

Iwapo betri inashuka usiku bila sababu, zima kila kitu, funga milango, ngoja nusu saa, kisha pima ampia kati ya nguzo ya hasi na waya wake. Zaidi ya miliampia 50, kuna kitu kinachokula. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Mara nyingi ni redio au alamu iliyofungwa baadaye, ikaungwa kwenye waya wa umeme usiozimika.

Na kama betri yako ina vifuniko vya kufungua, tazama maji kila mwezi. Joto letu linayakausha. Yawe juu ya sahani kama milimita 10, na ujazie maji ya betri tu.

Nissan Note yangu ya 2010 inatetemeka nikiondoka, na nikipanda Mazeras inapoteza nguvu kabisa, nakanyaga mafuta lakini halisogei. Makanika ameongeza oili ya giaboksi lakini hali imezidi kuwa mbaya. — Mwalimu, Bamburi

Pole mwalimu. Muulize ameongeza oili gani. Giaboksi yako ni ya CVT, haina gia za kawaida bali mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na mkanda huo unashika kwa msuguano unaotegemea oili yenyewe. Note za toleo la mwanzo, 2005 hadi 2012, zinataka oili ya aina ya NS-2, na toleo lililofuata linataka NS-3. Ile ATF nyekundu ya otomatiki za kawaida inafanya mkanda uteleze na kukwaruza puli. Kwenye mpando wa Mazeras oili inapata moto sana, kompyuta inapunguza nguvu ili kuilinda giaboksi, ndiyo hiyo hali ya kukanyaga bila kusogea.

Ukimwaga, zinatoka lita tatu na nusu hadi nne tu, nyingine zinabaki ndani. Kwa hiyo kama iliingia ATF, mwaga na ujaze mara tatu, ukiendesha kilomita chache kati ya mara moja na nyingine. Safari ya kwanza teremsha sinia ya chini. Sumaku zake huwa na tope laini la kijivu, hilo ni la kawaida. Ukikuta vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa kucha, mkanda umeanza kula puli na oili haitaokoa kitu. Na likizima njiani, lisivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, kwa sababu injini ikiwa imezimwa hakuna pampu inayolainisha giaboksi. Tafuta gari la kubeba.

Taa ya injini inawaka, skana imesema P0171, fundi anataka kubadilisha sensa ya oksijeni. Sawa? — Dereva wa teksi, Changamwe

Bado. Namba hiyo inasema hewa imezidi petroli, na sensa ndiyo iliyotoa taarifa. Injini ikiunguruma, sikiliza kama kuna mluzi, na kagua hozi ndogo za mpira nyuma ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda): zikipata joto zinapasuka kwa chini usikoona. Safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu bila kuigusa waya wake. Kisha pima presha ya petroli. Sensa iwe ya mwisho.

Nina Fielder ya 2007, kila mwezi lina jipya. Watoto wanataka niliuze. Niliuze au nilitengeneze? — Mama wa watatu, Mikindani

Mama, shikamoo. Chukua daftari, andika kila kilichobadilishwa, tarehe, kilomita na bei, kwa miezi 12 iliyopita. Mkiwa mmebadilisha kitu kile kile mara mbili, gari si bovu, ugonjwa wake haujapatikana. Kumbuka pia kwamba sheria ya Kenya hairuhusu kuagiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo gari la bei ya hilo lako litakuwa limeshatumika hapa hapa, nalo lina daftari lake ambalo hutaonyeshwa.

Tunakushauri vipimo viwili kabla ya kuamua. Kwanza kompresheni (presha ya kukandamiza) ya silinda zote nne, injini ikiwa na joto na mafuta yamekanyagwa mpaka chini. Tofauti kati ya silinda isizidi bar 1. Pili, gari liinuliwe na mtu apite chini na bisibisi, achomechome pale shokabu za nyuma zinapofungwa, kwenye mabano ya breki, na kingo za chini za milango. Kutu ya juu juu inakwanguka na chuma kinasikika kigumu. Bisibisi ikizama kwenye fremu, liuze, na umwonyeshe mnunuzi hilo tundu.