Misuli Pekee Haithibitishi Kujitawala

Wiki hii mmeuliza: je, mazoezi ndiyo humfundisha kijana wa kiume kujitawala, au anayejitawala tayari ndiye huyaweza mazoezi? Mimi nasema mazoezi hufundisha, lakini si mazoezi ya namna yoyote.

Hapa Jinja, Uganda, nawaona vijana wakinyanyua vyuma walivyojitengenezea kwa kumimina saruji kwenye makopo ya rangi. Siku ya kwanza kila mgeni anautaka uzito wa yule aliyezoea. Bega likishtuka, mwezi hauishi ameshaacha. Bidii alikuwa nayo tele. Kilichomshinda ni kujizuia wakati damu ingali moto.

Mtazameni Joshua Cheptegei, mkimbiaji wetu wa mbio ndefu. Machi 2017 pale Kololo, jijini Kampala, kwenye mbio za nyika za dunia, alikuwa akiongoza huku uwanja mzima ukimshangilia. Alikuwa ameenda kasi mno. Mzunguko wa mwisho miguu ikamkatika, akapitwa na mmoja baada ya mwingine, akamaliza wa 30. Tuliumia sana siku ile. Agosti 2020 huko Monaco akavunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36, na kasi yake haikupanda wala kushuka sana tangu mwanzo hadi mwisho. Halafu Paris 2024, kwenye mita 10,000, aliwaacha Waethiopia wavute mbio, akatulia kundini mpaka karibu na mzunguko wa mwisho, ndipo akachomoka na kutwaa dhahabu. Kule kutulia ndiko ninakokuita kujitawala.

Kwa hiyo vijana ninaokimbia nao huwataka waanze kwa mwendo ambao mtu bado anaweza kuzungumza. Wanaliona jambo hili gumu kuliko kupanda kilima.

Ila tusiwaonee. Dereva wa bodaboda anayebeba abiria hadi usiku wa manane, asipoamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia, si mvivu, anahitaji usingizi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa kabla ya abiria wa jioni, siku tano, inatosha kabisa. Na aende na mwenzake wa steji, yaani kituo chao cha bodaboda, maana siku atakayotaka kukwepa, yule mwingine atamwita.